Riwaya za mahakamani kwa sauti: shajara ya baraza letu la Iringa

Naongeza hapa kila hatua inapokamilika. Anayetaka kuiga aige. Bei ni za Iringa mjini kwa mwaka 2024.

3 Februari 2024. Kuanza

Tunataka kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti, zile riwaya za mahakamani zinazouzwa kwa mamilioni huko duniani, kisha tuamue wenyewe kama ni za kupitishia jioni tu au zina fasihi ndani. Tukifika mbali tutaandika ya kwetu.

Tupo mwalimu wa fasihi wa sekondari, karani wa mahakama aliyestaafu (wote tunamwita Mzee Karani), kijana anayesoma sheria chuo kikuu, fundi cherehani wa Miomboni, mama muuza vitenge, na mimi mwenye steshenari. Tunakutana dukani kwangu Jumamosi jioni nikishafunga.

Kwa nini mahakamani na si upelelezi? Upelelezi tunao. Wasomaji wa Kiswahili wamelelewa na Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango. Ila mara nyingi vitabu vile hufungwa pale mwovu anapojulikana. Akishatiwa pingu, kwaheri. Hawa wa mahakamani ndipo wanapoanzia: mtu ameshakamatwa, haya, thibitisha.

Mwalimu ametangaza msimamo mapema. Vitabu hivi ni bidhaa, wahusika wake bapa, wakili shujaa ni yuleyule amebadilishwa tai tu. Tumemwambia aendelee kushikilia hapohapo, baraza bila mpinzani halinogi.

Gharama: vitabu vya mitumba, 3,000 hadi 7,000 kila kimoja. Vingine vimetoka Dar kwa basi, kifurushi 5,000.

17 Februari. Njia mbili zilizokufa

Vitabu viko kwa Kiingereza na nusu yetu tunakisoma kwa kujikongoja. Njia ya kwanza ilikuwa kila mtu achukue kitabu nyumbani kwa zamu. Haikufika popote. Fundi alikaa nacho mpaka kikawa kibao cha kukatia vitambaa, na mama wa vitenge alisema wazi kwamba akishahesabu mauzo ya siku macho hayamtii tena.

Njia ya pili ilionekana nzuri zaidi na ikafa vibaya zaidi. Mwanafunzi anasoma sura, Jumamosi anatusimulia. Visa vilikwenda: mauaji, kukamatwa, mke analia, wakili hana hata kodi ya ofisi. Tukifika kizimbani msimulizi anasema, "Basi wakili akamuuliza maswali mengi, shahidi akababaika." Kimya. Fundi akauliza, "Maswali gani?" Kijana akajaribu kukumbuka mawili. Shahidi akababaika tena, bila sisi kuona kababaishwa na nini.

Kufa huko kumetufundisha. Mkimbizo wa magari unaweza kuufupisha kwa sentensi moja na msikilizaji akabaki nao. Mahojiano ya shahidi hayafupishiki, kwa sababu raha yake ipo kwenye mpangilio. Swali la tatu halina maana mpaka lije la saba, na la saba linauma kwa sababu shahidi alijibu la tatu bila kujua anapelekwa wapi.

9 Machi. Njia iliyoshika

Tunafanya hivi. Kila kitu nje ya mahakama kinasimuliwa haraka kwa mdomo. Maswali na majibu ya mashahidi yanatafsiriwa neno kwa neno, yanaandikwa kwa mkono, yanagawiwa kwa sauti mbili: mmoja wakili, mmoja shahidi. Karatasi hazitoki dukani na hatuzisambazi, vitabu vina wenyewe. Kutafsiri mahojiano ya kurasa tano au sita kunakula jioni mbili za watu wawili. Kopi mia moja ukurasa, na hapo najiuzia mwenyewe.

Tumeanza na Erle Stanley Gardner, mwanasheria wa California aliyemleta wakili Perry Mason mwaka 1933 na kumwandikia riwaya zaidi ya 80. Burudani tupu. Wakili wetu wa jioni alikuwa mama wa vitenge, na sijui alikuwa anafanya nini sokoni miaka yote hii, maana aliuliza maswali kama aliyezaliwa na joho.

Kitabu cha pili, fundi akaanza kubashiri. "Huyu wa pembeni aliyekuja na mwavuli, ndiye atakayekiri." Akakiri. Mzee Karani akacheka mpaka miwani ikamtoka: miaka yake yote kortini hajawahi kuona shahidi anasimama mwenyewe na kusema ni mimi niliyeua. Watu hukana mbele ya picha yao.

Mwalimu akajiandikia ushindi. Nakubaliana naye nusu. Kitabu ambacho msikilizaji anakijua kabla hakijasomwa ni mchezo, na mchezo si dhambi. Ila maswali yenyewe, tukiyatenga na ule ukiri wa mwisho, yalikuwa yamechongwa vizuri kuliko mazungumzo ya riwaya nyingi zinazosifiwa madarasani.

13 Aprili. Watu kumi na wawili

John Grisham. Alikuwa wakili Mississippi, Marekani, na mjumbe wa bunge la jimbo hilo. Riwaya yake ya kwanza, *A Time to Kill*, ilitoka 1989 kwa mchapishaji mdogo, nakala 5,000 tu. Umaarufu ulimjia na ya pili, *The Firm*, mwaka 1991. Katika ile ya kwanza baba mweusi anawapiga risasi, ndani ya jengo la mahakama, wazungu wawili waliombaka binti yake mdogo. Muuaji tunamwona. Swali ni kama watu kumi na wawili watamtia hatiani.

Na hao kumi na wawili ndio waliotukwamisha. Mama wa vitenge alidhani ni kama wazee wa baraza wa Mahakama Kuu. Mzee Karani akasimamisha usomaji. Wazee wa baraza hutoa maoni na jaji hafungwi nayo, na tangu marekebisho ya sheria ya 2022 kukaa nao si lazima tena. Wale wa Marekani (jury) ndio wanaoamua hatia, hawahitajiki kuwa na elimu ya sheria, na hawaandiki sababu. Wanasema ana hatia au hana, wanakwenda zao.

Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini mawakili wa riwaya hizi wanahubiri. Hawazungumzi na jaji. Wanazungumza na muuza duka, mstaafu, mama wa nyumbani. Tumeamua kila jioni ya kitabu cha Kimarekani ianze na maelezo haya ya dakika chache, vinginevyo nusu ya mvutano unamwagika.

Jambo moja la kuwarushia wanaosema filamu na kitabu ni kitu kimoja. Kwenye filamu, wakili kijana ndiye anayewaambia wafumbe macho na kumfikiria mtoto yule. Kwenye riwaya, ombi hilo linatoka kwa mwanamke mmoja miongoni mwa wale kumi na wawili, wakiwa wamejifungia chumbani, wakili hayupo. Filamu imempa shujaa mali ya mtu mdogo. Tulibishana hadi giza. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba uamuzi wa riwaya ni wa mwandishi anayejua anachofanya: haki inatoka kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama.

Gharama: chai ya rangi na maandazi, 6,000.

18 Mei. Mabepari wa Venisi

Mzee Karani kaja na kitabu chembamba kimefungwa gundi upande: *Mabepari wa Venisi*, Shakespeare kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, 1969. Kiko kwa Kiswahili tayari, hivyo kutafsiri hakukuwepo. Tukasoma onyesho la mahakama moja kwa moja.

Mwalimu wetu alikuwa amezoea kukifundisha kama fasihi kubwa, na akajikuta anasoma riwaya ya mahakamani. Mkataba umeandikwa: mdaiwa asipolipa, mdai Shylock atamkata ratili ya nyama ya mwili wake. Mdai anaudai ulivyoandikwa. Wakili anakubali kila kitu, anakubali tena, anamwachia mdai anoe kisu, kisha anageuza maneno yaleyale ya mkataba: nyama umeandikiwa, damu hukuandikiwa. Ni mtego wa aina ileile ya Gardner. Tofauti ni kwamba mtego ukishafyatuka hatushangilii kwa raha kamili, maana Shylock amesemewa maneno mazito mno kabla ya hapo, na mahakama inamvua mali na dini yake.

Mzee Karani naye alikuwa na lake. Wakili ni mwanamke aliyejibadilisha, hana leseni, na mumewe ni rafiki wa mdaiwa. Hukumu ile ingefutwa rufani asubuhi na mapema.

15 Juni. Jioni ya Isimani

Baridi imeingia. Tumehamia chumba cha nyuma, jiko la mkaa katikati, mlango wazi kwa ajili ya hewa.

Kitabu: *Anatomy of a Murder*, 1958. Mwandishi alijiita Robert Traver, lakini alikuwa John Voelker, jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan, na msingi wake ni kesi aliyoitetea mwenyewe. Mwanajeshi amempiga risasi mwenye baa anayedaiwa kumbaka mkewe. Kuna mazungumzo ya mahabusu ambayo tuliyasoma, tukarudia. Wakili hamwulizi mteja kilichotokea. Kwanza anamweleza ni njia zipi za utetezi ambazo sheria inazijua na zipi hazitamsaidia, anamwachia akili ifanye kazi, kisha ndipo anamwuliza ulikuwa katika hali gani.

Je, amemfundisha uongo? Mwanafunzi wa sheria alisema hapana, mteja ana haki ya kuijua sheria. Fundi alisema ndiyo, na kwamba anawajua watu wanaokaa nje ya mahakama kwa kazi hiyohiyo bila joho. Hakuna aliyeshinda. Mwandishi mwenyewe hakutoa jibu, na hapa ndipo Mwalimu alipoweka kalamu chini. Alikuwa akidai tangu Februari kwamba vitabu hivi havina utata wa kimaadili.

Kisha Mzee Karani akasema jambo ambalo kila mtu mzima wa Iringa analo kifuani. Siku ya Krismasi 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi Isimani na mkulima Said Mwamwindi, wakati ule wa kusukuma vijiji vya ujamaa. Mwamwindi akaupakia mwili kwenye gari, akauendesha mwenyewe mpaka polisi mjini, akajisalimisha. Akashtakiwa Mahakama Kuu, akatiwa hatiani, akanyongwa. Hakuna aliyewahi kuuliza nani. Kilichobishaniwa ni akili yake ilikuwa wapi saa ile.

Fundi akataka tuiandike hiyo. Tumekataa. Familia zote mbili zina watu walio hai, na tusingeweza kuwawekea maneno mdomoni. Lakini imetuonyesha kwamba hatuhitaji Michigan kuelewa hadithi ya aina hii.

6 Julai. Glasi iliyopotea

Fupi. *Presumed Innocent* ya Scott Turow, 1987, ambaye alikuwa mwendesha mashtaka Chicago. Msimulizi ni mwendesha mashtaka anayeshtakiwa kumwua mwenzake kazini, na anatusimulia mwenyewe, hivyo unamsikiliza huku umemshika mkono wa shati. Glasi yenye alama za vidole vyake inapotea katika uhifadhi. Mzee Karani alizungumza kuhusu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo mpaka mkaa ukaisha: nani alipokea, nani alisaini, kabati lilifungwa na nani. Kesi ngapi amewahi kuona zikifia hapo, si kwa sababu mtu hakutenda.

Kwangu hiki ndicho bora katika vyote. Mwisho wake siuandiki.

Tumekubaliana: tunaandika yetu.

10 Agosti. Rasimu ya kwanza, na jinsi ilivyochanwa

Kisa cha kubuni: mlinzi wa yadi ya mbao Mafinga amekutwa amekufa, kijana mpakiaji anashtakiwa kwa mauaji. Ushahidi ni koti lake na maelezo ya onyo, yale ya mshukiwa aliyekwisha kuonywa, ambayo polisi wanasema aliyatoa kwa hiari.

Rasimu ilikuwa Mississippi iliyovaa kitenge. Wakili anatembeatembea mbele ya jaji, anagonga meza, anawahutubia wananchi. Mzee Karani aliuliza nyundo ya jaji tumeitoa wapi. Tukaifuta, tukamrudisha wakili kwenye meza yake, tukampa "Mheshimiwa Jaji" na sauti ya chini. Ajabu, ikawa kali zaidi. Mtu anayeongea kwa adabu huku anambana shahidi anatisha kuliko anayefoka.

Pigo kubwa lilikuwa la kisheria. Kilele chetu kilijengwa juu ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 50: polisi wana muda wa msingi wa saa nne kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na kuurefusha kuna utaratibu wake katika kifungu cha 51. Kijana alikamatwa Mafinga asubuhi, maelezo yakakamilika Iringa saa kumi jioni. Muda umepita, tumemshika Jamhuri, yaani upande wa mashtaka! Mwanafunzi akasoma kifungu chote mpaka chini: muda wa kumsafirisha mshukiwa hauhesabiwi. Kilele kikaanguka chote na kurasa zake.

Funzo kwa atakayeiga: tafuta mtu wa sheria kabla ya kuandika, si baada. Karatasi za rasimu na kopi, 18,000, zimekwenda kufungia vitumbua.

7 Septemba. Ifunda

Dawa ilitoka kwenye kifungu kilekile. Safari haihesabiwi, sawa. Na kukaa? Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita themanini za lami. Sasa wakili hagusi sheria kabisa katika maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili:

— Afande, mliondoka Mafinga saa ngapi?
— Saa tatu asubuhi.
— Mkaingia Iringa?
— Saa nane mchana.
— Mvua ilikuwepo?
— Hapana.
— Pancha?
— Hapana.
— Mlisimama popote?
— Ifunda. Kunywa chai.
— Mshtakiwa naye alikunywa?
— ...Alikuwa ndani ya gari.
— Na nani?
— Na koplo.
— Koplo hakunywa chai?
— Hapana.
— Alikuwa anafanya nini, Afande?

Hapo tumeacha. Koplo akiitwa baadaye atasema walikuwa "wanazungumza tu". Haya yote yanatokea katika kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ile inayofunguliwa pale mshtakiwa anapokana kwamba maelezo aliyatoa kwa hiari. Kesi yote inasimama kusubiri kipande kimoja cha karatasi kijulikane kitaingia au kitabaki nje. Sijui kwa nini waandishi wetu hawajalishambulia shamba hili kwa wingi. Limejaa.

Tatizo lililobaki lilikuwa mwendo. Kesi ya mauaji inaanzia mahakama ya chini, na huko inatajwa na kuahirishwa, kutajwa na kuahirishwa, maana upelelezi haujakamilika. Dhamana haipo. Riwaya za Kimarekani zinaruka kipindi hicho. Tulipokiweka chote wasikilizaji wa majaribio walipiga miayo, tulipokifuta Mzee Karani alisema tumeandika uongo, kwa sababu adhabu ya watu wengi ni kipindi hichohicho.

Mama wa vitenge ndiye aliyetatua. Onyesho lilelile, maneno yaleyale: hakimu anauliza, Wakili wa Serikali anajibu upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa wiki mbili, karandinga linaondoka. Tunalirudia, na kila mara kitu kimoja tu kinabadilika benchi la nyuma. Kwanza ukoo mzima umekuja na ndizi na thermosi. Kisha mama na mjomba. Kisha mama na mchumba wa kijana. Kisha mama. Hakuna anayelisema hilo kwa maneno. Msomaji analiona mwenyewe.

Mwalimu amelisoma mara moja akaomba alipeleke darasani.

5 Oktoba. Usomaji wa hadhara

Ukumbi wa kukodi karibu na Kihesa, 40,000 kwa jioni. Viti 10,000. Kopi za wasomaji 9,000. Spika tuliazima.

Waliokuja walikuwa wengi kuliko viti. Tuliwaomba wanyoshe mikono baada ya kesi ndogo: maelezo yapokelewe au yakataliwe? Ukumbi uligawanyika, na mzee mmoja wa mbele alisimama kutaka koplo aitwe tena. Tukamjibu kwamba hayumo, ni hadithi. Akasema basi aandikwe.

Kilichofeli: hukumu. Jaji wa kwetu, tofauti na wale kumi na wawili, lazima atoe sababu, na hukumu inasomwa yote mbele ya mshtakiwa aliyesimama bila kujua inaelekea wapi. Aya inaweza kumbeba na ifuatayo ikamwangusha. Kwenye karatasi tuliona ni kilele kizuri kuliko vyote. Ukumbini Mzee Karani aliisoma kwa mwendo wa kikarani, dakika ishirini na zaidi, na watoto wakaanza kulala. Tumeikata hadi robo na tumeacha migeuko mitatu tu: koti, chai ya Ifunda, na shahidi mmoja ambaye jaji anamwamini ingawa sisi hatumwamini.

Kuhusu mwisho hatujakubaliana. Fundi anataka kijana aachiwe na mama yake awepo. Mwanafunzi anataka aachiwe kwa sababu ushahidi haukutosha, huku sote tukibaki na wasiwasi kwamba huenda alitenda. Mwalimu, aliyeanza kwa kuviita bidhaa, sasa ndiye anayekataa katakata mwisho wa fundi.

Kinachofuata ni usomaji wa pili, Mafinga penyewe, Novemba mvua zisipokatisha. Nauli za watu sita tunachanga. Mzee Karani ameandika hukumu mbili na amezifunga bahasha mbili, anasema atafungua moja akishawaona watu wa huko wamekaa vipi. Mwanafunzi amepinga kwamba jaji hafanyi hivyo. Mzee amemwambia awasilishe pingamizi kwa maandishi.